Saa Zako za Kupumzika Zina Wenyewe

Nkololo, Bariadi
18 Januari 2026

Mwanangu Kabula,

Pamba ya bondeni imeshika vizuri, ile ya juu tumelazimika kurudia kupanda, na sasa tuko kwenye palizi. Kaka yako amepata jozi mpya ya maksai, wakali kidogo lakini wanajifunza. Mama yako goti bado linamsumbua, ila akisikia ndege inapita juu huinuka upesi kutoka nje kuitazama, kana kwamba ataliona shati lako jeupe dirishani. Amekufungia michembe na karanga, vitakufikia akipatikana mtu wa kuja Dar es Salaam.

Mama yako ndiye aliyenieleza habari ya simu. Amesema mtu wa ratiba alikupigia saa tano usiku ukiwa umeshalala, akitaka uripoti alfajiri kuchukua safari ya mwenzako aliyeugua. Wewe ukamjibu kwa ukali, naye akakurudishia, na mpaka leo mkikutana koridoni hamsalimiani. Amesema pia kwamba wewe na marubani wenzako wachanga mnapanga kuzima simu na kuibana ofisi kwa kila kifungu cha kitabu cha kanuni mpaka isalimu amri. Dada yangu huyo ana hofu utafukuzwa kazi. Mimi hofu yangu ni nyingine, ndiyo maana nimechukua kalamu badala ya kukupigia. Maneno ya simu hupotea, na haya nataka uyasome zaidi ya mara moja. Hata wenzako wakitaka kuyasoma, wape.

Wewe unajua kwamba kabla ya kurudi kulima nilikuwa dereva wa mabasi ya mbali, Mwanza hadi Dar es Salaam, na baadaye nikawekwa ofisini kupanga magari na madereva. Hiyo sehemu ya pili sijawahi kukusimulia sawasawa. Nimekaa pande zote mbili za hiyo simu, mwanangu.

Nikiwa dereva, nilifika Mwanza jioni moja kutoka Dar, macho yanawasha kama yamepakwa pilipili, na msimamizi akaniambia nioge, nile, alfajiri nigeuze na gari. Dereva wa zamu hakuwa ameonekana. Nikamwambia siwezi. Akasema abiria wameshakata tiketi. Nikamwambia ni kwa sababu hao abiria wameshakata tiketi ndiyo maana siwezi. Alinitolea maneno mbele ya makondakta, na kwa muda fulani baada ya siku ile nilikuwa wa mwisho kupewa gari. Nyumbani tulibana matumizi. Lakini nililala usiku ule, na sijawahi kujutia usingizi huo.

Kisha nikahamia ofisini, na hapo ndipo nilipoijua shida ya yule msimamizi. Gari limekufa Singida, dereva mmoja ana msiba, mwingine simu haipatikani, mwenye kampuni anapiga kila baada ya dakika chache, na abiria wamejaa dirishani wanagonga kioo. Mtu wa ratiba hana uwezo wa kuumba dereva. Ana daftari tu na majina yaliyomo, na kama majina hayatoshi, atampigia hata aliyelala. Si chuki. Ni uchache wa watu, na uchache huo umeamuliwa na mtu ambaye usiku huo simu yake haiiti.

Jambo lililonisaidia pale ofisini ni madereva wa aina moja. Walikuwa wachache walioniambia mapema, kwa sauti ya kawaida, "Mzee, leo sikulala, nitakuwa sawa kuanzia saa nane mchana." Hao niliweza kuwapanga. Aliyenyamaza akanijia na matusi gari likiwa limewashwa hakuniachia nafasi ya kufanya lolote. Na aliyesema yuko sawa huku hayuko sawa ndiye aliyenitisha kuliko wote.

Sasa nisikilize kuhusu saa za kazi. Kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga unazijua kunishinda mimi, lakini nimesoma kiasi tangu uingie chuo, maana sikutaka mtoto wangu afanye kazi nisiyoielewa. Ulaya, kwa mfano, rubani haruhusiwi kuruka zaidi ya saa 100 ndani ya siku 28 mfululizo, wala saa 900 ndani ya mwaka mmoja wa kalenda. Zamu yake haihesabiwi tangu magurudumu yanapoinuka, huhesabiwa tangu anaporipoti kazini, maana kuamka na kuandaa safari nako ni kazi. Mambo yakiharibika njiani, kapteni anaweza kuongeza hadi saa mbili kwa uamuzi wake, na akiongeza sharti aandike ripoti. Angalia vizuri hapo: uamuzi ni wa kapteni. Ofisi inaweza kuuliza, haiwezi kuamuru. Aliyeandika kifungu hicho alijua kwamba mtu wa mezani, hata awe mwema vipi, hayaoni macho ya aliye kwenye usukani.

Kwa nini wakaandika hayo yote? Kwa sababu mwili haudanganyiki. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekesha saa 17 hufanya kazi kama mwenye kiwango cha pombe kwenye damu kinachopigwa marufuku kwa madereva katika nchi nyingi. Na wataalamu wa anga wanajua kuwa kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi mwili huzama, hata wa mtu aliyelala mchana kutwa. Sisi madereva tulizijua saa hizo bila kusoma. Ni saa ambazo mti wa pembeni hugeuka mtu, na barabara iliyonyooka huonekana ina kona.

Nawe usiseme mambo hayo ni ya mbali. Agosti 2022 ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Khartoum ilifika juu ya Addis Ababa na haikuanza kushuka. Waongozaji wa ndege waliita, hawakujibiwa. Taarifa zilizotoka zilisema marubani wote wawili walikuwa wamelala, wakaamshwa na kengele pale mtambo wa kujiendesha ulipojizima baada ya ndege kupita uwanja. Walizunguka, wakatua salama. Mungu aliwahurumia, na kampuni ikawasimamisha kazi. Wale hawakuwa wazembe waliookotwa njiani. Walikuwa watu waliosoma kama wewe, kwenye shirika kubwa kuliko yote barani kwetu.

Huko Marekani, Februari 2009, ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50. Wachunguzi walisema chanzo ni jinsi kapteni alivyoikosea ndege ilipomwonya kwamba inakaribia kupoteza nguvu ya kuelea, lakini waliona pia kwamba marubani wote wawili huenda walikuwa wamepungukiwa na uwezo kwa sababu ya uchovu. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle, upande wa pili wa nchi, kwenda kuanza kazi. Familia za marehemu hazikukaa kimya. Walikwenda Washington tena na tena mpaka sheria ikapitishwa mwaka 2010, na tangu Januari 2014 rubani wa abiria wa Marekani lazima apate saa 10 za mapumziko kabla ya zamu, ndani yake saa nane za kuweza kulala bila kukatizwa. Tena kabla ya kila safari anathibitisha yeye mwenyewe kwamba mwili wake unafaa kazi.

Hapo ndipo lilipo neno langu kwako. Saa hizo za kupumzika zililipiwa na watu waliokufa, na zina wenyewe. Wenyewe ni mama mwenye mtoto mgongoni aliyekaa nyuma karibu na bawa, asiyekijua kitabu chako wala jina lako. Wewe umekabidhiwa uzitunze. Kwa hiyo huna ruhusa ya kuzigawa kwa upole ili mtu wa ratiba akupende, na huna ruhusa ya kuzifanya fimbo ya kumchapia kwa sababu amekuudhi. Anayesema "niko sawa" akiwa amechoka, na anayesema "nimechoka" akiwa amekasirika, wote wawili wameichezea mali ya mtu mwingine. Na huyo wa pili anaharibu pia imani, maana siku mwenzake atakapochoka kweli, hakuna atakayemwamini.

Kuhusu kuzima simu, siku yako ya mapumziko izime, lala, hiyo ni haki yako kama kanuni zinavyosema. Siku ya akiba, ambayo kampuni imekulipa uwe tayari, usiizime hata kwa dakika moja. Ukiichanganya siku hii na ile umempa mkubwa wako sababu ambayo hakuwa nayo.

Ukipigiwa na huwezi, sema huwezi kwa sauti ya chini na kwa maneno machache. Mwambie umelala saa ngapi, mapumziko yako yanaisha lini, na utakuwa tayari kuanzia saa ngapi. Kisha mwandikie hayo hayo kabla hujarudi kulala, ili kesho yawe maandishi na si maneno ya fulani dhidi ya fulani. Akisema wote wengine wamekubali, usijibu. Akisema kapteni ameshakubali, mwambie mwili wa kapteni ni wa kapteni.

Na hapa kuna jambo gumu kwetu Wasukuma, na kwa Waafrika wengi. Tumekulea usibishane na mkubwa. Ukimkuta mzee amekaa, unapiga goti unasalimia, unangoja usemeshwe. Sijuti kukulea hivyo. Lakini ndani ya chumba cha marubani, ukimwona kapteni anasinzia, au anaongeza saa ambazo mwili wake hauna, heshima yako kwake ni kumwambia. Kumbuka ndege ya Kenya Airways iliyoanguka Douala usiku wa Mei 5, 2007, wakafa wote 114. Ripoti ya uchunguzi ilisema marubani walipoteza mwelekeo gizani na ndege ikawashinda, na ikataja pia kukosekana kwa ushirikiano kati yao. Mdogo aliyenyamaza hamsaidii mkubwa wake. Sema kwa adabu, sema "Kapteni", lakini sema asikie.

Tuje kwa yule kijana wa ratiba. Usimgeuze adui. Mwishoni mwa mwaka 2022 shirika la Southwest la Marekani lilifuta safari karibu 17,000 ndani ya siku chache. Dhoruba ya baridi ndiyo iliyoanza, lakini mfumo wao wa kupanga wafanyakazi ulizidiwa, hata ofisi ikawa haijui marubani wake wako mji gani. Marubani wakakaa kwenye simu kwa saa nyingi wakijaribu kusema "niko hapa, niko tayari". Watu wa ratiba wa kule nao walizidiwa kwenye meza zao. Na Desemba 2025 ulisikia ya shirika la IndiGo la India: kanuni mpya ziliongeza mapumziko ya marubani ya kila wiki hadi saa 48 na kupunguza kutua usiku, kampuni ikawa haikujiandaa na marubani wa kutosha, safari kwa maelfu zikafutwa, serikali ikalegeza kanuni kwa muda. Kanuni ilijulikana mapema. Aliyepaswa kuajiri hakuajiri. Sasa niambie, ungekuwa rubani wa huko, ungegombana na binti anayepiga simu saa tano usiku?

Tena mtu wa operesheni anayekuandalia safari, mafuta, uzito na hali ya hewa, ni jicho lako la pili. Marekani sheria inamfanya awe na wajibu wa pamoja na kapteni juu ya usalama wa safari, na inamwekea naye kikomo cha saa 10 za zamu, maana naye ana macho yanayochoka. Ukimnunia mtu wa namna hiyo, siku moja atakuwa na wasiwasi mdogo kuhusu mawingu ya ziwani, ataona uvivu kukupigia. Sisi watu wa kanda hii hatuhitaji kukumbushwa mawingu ya ziwa yalivyo. Jumapili ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ikitokea Dar es Salaam iliingia majini ikijaribu kutua Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Walikuwamo watu 43, wakafa 19, marubani wote wawili wakiwamo. Sisemi uchovu ulihusika, wala sitamhukumu marehemu. Nasema tangu siku ile mama yako hawezi kulala ukiwa na safari ya ziwa.

Juma lile lile, marubani wa Kenya Airways walikuwa wamegoma tangu Jumamosi ya Novemba 5, licha ya amri ya mahakama. Madai yao yalihusu mfuko wa akiba ya uzeeni na mishahara iliyoahirishwa. Sidharau madai hayo, mtu ana haki ya kuuliza jasho lake limekwenda wapi. Lakini maelfu ya abiria walikwama, mahakama ikawaamuru warudi kazini asubuhi ya Novemba 9, wakarudi. Nawe umezaliwa nchi ambayo madereva wake tuligoma Aprili 10, 2015, mabasi yakasimama Ubungo na mikoani, kwa kupinga kurudishwa darasani kila leseni inapokwisha na kwa kudai mikataba ya ajira. Mgomo huo ulisikika kwa sababu madai yalikuwa yanaeleweka na yalisemwa na wengi kwa pamoja. Nilichojifunza ni hiki: shida ya watu wengi ipelekwe na watu wengi, kupitia chama, kwa maandishi, kwa mwenye uwezo wa kuajiri. Kununa mmoja mmoja dhidi ya karani wa usiku hakujawahi kuongeza rubani hata mmoja kwenye rosta.

Andikeni. Kila mapumziko yaliyokatizwa, andikeni tarehe na saa. Kila ripoti ya uchovu, ipelekeni inakotakiwa. Ikikusanyika, itazungumza bila kupandisha sauti. Hata kwenye mabasi tumefika huko: leo LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, imeweka kitufe cha kumtambua dereva, kimeunganishwa na mfumo wa kufuatilia gari, inajulikana nani ameshika usukani. Kumbukumbu ya namna hiyo ni miongoni mwa mambo yaliyowezesha mabasi kuruhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023. Enzi zetu kulikuwa na daftari tu, na daftari humsikiliza mwenye kalamu.

Limebaki moja, na hili nawaambia na ndugu zako wote watakaoisoma barua hii. Usingizi wako hauibiwi na ofisi tu. Sisi nasi tunauiba. Ni nani anayekupigia saa nne usiku kuomba ada ya mtoto? Ni nani anayekuita msibani Bariadi siku yako moja ya mapumziko, upande gari kutoka Mwanza, ukeshe matangani, kisha urudi moja kwa moja kazini? Hata maksai kaka yako huwafungua nira jua likipanda, na hakuna jirani anayemwomba awafunge tena. Niliitisha kikao cha familia Jumapili iliyopita. Tumekubaliana kwamba hakuna kukupigia usiku ila kwa kifo au ugonjwa wa hatari, na kwamba usipokuja msibani kwa sababu ya zamu, hakuna atakayekusema. Atakayekusema, mwelekeze kwangu. Nawe kwa upande wako, uache sherehe za wenzako za usiku wa kuamkia safari. Mapumziko uliyopewa na kanuni kisha ukayacheza, huwezi kumdai mtu wa ratiba.

Kwa hiyo, Kabula, fanya hivi. Ukiisoma barua hii, mtafute yule kijana wa ratiba. Umwombe radhi kwa ukali wa maneno yako. Usimwombe radhi kwa kukataa safari, maana ulikataa kwa haki, na akikupigia tena katika hali ile ile, kataa tena.

Mjomba wako akupendaye,
Masunga